Albania, nchi ya kwanza kuvunja uhusiano wa kibalozi kwa sababu ya udukuzi: kwa nini nyingine hazithubutu?

#1 Kitabu Wazi

Wakuu, salaam.

Tarehe 7 Septemba 2022 Waziri Mkuu wa Albania, Edi Rama, alitoa hotuba kwa njia ya video akatangaza kwamba nchi yake imevunja uhusiano wa kidiplomasia na Iran, na kwamba watumishi wote wa ubalozi wa Iran mjini Tirana wamepewa saa 24 wawe wameondoka. Kosa lililotajwa halikuwa bomu, wala mauaji, wala jasusi aliyenaswa na nyaraka mfukoni. Lilikuwa shambulio la kompyuta la tarehe 15 Julai mwaka huohuo, lililoilazimu serikali kuzima kwa muda jukwaa la e-Albania, ambalo wananchi walilitegemea kwa vyeti, vibali na huduma nyingine nyingi za serikali.

Albania ina watu wasiofika milioni 3. Linganisheni na Ukraine. Tarehe 23 Desemba 2015 wadukuzi waliohusishwa na Urusi waliingia katika mitambo ya makampuni ya umeme ya nchi hiyo na wateja wapatao 225,000 wakakaa gizani, katikati ya majira ya baridi. Juni 2017 programu haribifu iliyokuja kuitwa NotPetya ilianzia hukohuko, ikaharibu kompyuta za benki na ofisi, kisha ikavuka mipaka hadi kuikwamisha Maersk, kampuni kubwa ya meli za makontena. Pamoja na yote hayo, Ukraine haikuvunja uhusiano na Urusi hadi tarehe 24 Februari 2022, siku majeshi yalipovuka mpaka kwa miguu na vifaru.

Mimi naona kwamba mtandao haujaleta siasa mpya baina ya mataifa. Umeleta aina ya kosa ambalo aliyekosewa ndiye anayeamua kama limetendeka au halikutendeka. Sasa nauliza: kwa nini Albania iliamua kwamba limetendeka, wakati wakubwa zake wanaamua kila mwaka kwamba halikutendeka?

#2 Ngalawa Mbovu

Jibu ni jepesi, mleta mada. Albania haikuwa na cha kupoteza. Haiuziani na Iran kitu cha maana, haina mpaka nayo, na tangu 2009 imekaa chini ya mwavuli wa NATO. Mtu akiwa na kaka mkubwa nyuma ya mlango, kumtukana jirani wa mtaa wa tatu si ushujaa. Hata Estonia iliposhambuliwa 2007 iliomba Ibara ya 5 ya NATO, ile inayosema kushambuliwa mmoja ni kushambuliwa wote, ndipo Urusi ikatulia.

#3 Mwalimu Mstaafu

Ndugu yangu Ngalawa, sehemu ya kwanza nakuunga mkono, lakini ya Estonia irekebishe. Estonia haikuomba Ibara ya 5. Ibara hiyo imetumika mara moja tu tangu jumuiya iundwe, nayo ni baada ya Septemba 11, 2001. Kilichotokea Estonia ni kwamba mwishoni mwa Aprili 2007 serikali ilihamisha sanamu ya askari wa Kisovieti kutoka katikati ya Tallinn, vijana wenye asili ya Kirusi wakaingia barabarani, na kwa muda wa wiki kadhaa tovuti za serikali, benki na magazeti zikafurikwa na maombi ya bandia hadi zikashindwa kumjibu mtu wa kweli. NATO yenyewe haikuwa imekubaliana kama hayo ni mashambulizi ya aina gani. Ni katika mkutano wa Wales wa 2014 ndipo viongozi wake waliposema kwamba shambulio la mtandaoni linaweza kufikia kiwango cha kuiamsha Ibara ya 5. Kuhusu Albania, Rama alieleza baadaye kwamba wazo la Ibara hiyo lilikuwapo mezani, lakini hakuliomba.

Nirudi kwenye swali. Nilikulia kijijini, na kila mzee wa kijijini anajua kwamba kumjua mchawi si sawa na kumtaja mchawi. Watu kumi wanaweza kumjua, na wote kumi wakamsalimia asubuhi. Anayethubutu kumtaja hadharani huwa na ukoo mkubwa nyuma yake, au ni mtu aliyekwisha kupoteza kila kitu. Udukuzi baina ya mataifa unakwenda vivyo hivyo: kumtaja mhusika ni tendo la kisiasa, na ushahidi hutafutiwa nafasi baadaye.

#4 Kasuku wa Pwani

Mwalimu ameanza na uchawi mapema leo. Mimi nakaa hapa pembeni nimsubiri atakayeleta tembo na nyasi.

#5 Mlinzi wa Zamu

Mwalimu, shikamoo. Kazi yangu ni ulinzi wa mifumo ya kompyuta, na kwa heshima zote sikubaliani na mfano wa mchawi. Mchawi hana alama za vidole. Mdukuzi anazo.

Katika shauri la Albania, wapelelezi wa FBI waliitwa, na Microsoft nayo ikapeleka wataalamu wake. Taarifa ya Marekani iliyofuata ilieleza kwamba wahusika waliingia katika mtandao wa serikali takriban miezi 14 kabla ya kuanza kuharibu, wakakaa humo wakisoma na kunakili barua pepe, ndipo wakaachia programu ya kufunga na ya kufuta mafaili. Miezi 14! Huyo si mwizi wa kuvunja dirisha, ni mpangaji. Wahenga walishasema kikulacho ki nguoni mwako. Mtu akikaa ndani ya nyumba yako muda huo wote, ataacha nywele, ataacha nyayo, atatumia zana alizozitumia kwenye nyumba nyingine. Hivyo ndivyo mhusika anavyotambuliwa: kwa kulinganisha zana, anwani za seva, saa za kazi na makosa yanayojirudia.

Kwa hiyo maelezo yangu ni tofauti na ya ukoo. Albania ilithubutu kwa sababu ilipewa ushahidi ambao nchi nyingi haziwezi kuupata zenyewe. Tazameni Bangladesh. Februari 2016 wadukuzi walituma maagizo ya malipo kwa jina la Benki Kuu ya nchi hiyo ili kuihamisha karibu dola bilioni 1 kutoka akaunti yake iliyoko New York. Dola milioni 81 zikafika Ufilipino na kuyeyukia katika nyumba za kamari, na agizo jingine la dola milioni 20 likakwama njiani kwa sababu mwandishi alikosea herufi katika neno moja la jina la taasisi. Marekani ilimfungulia mashtaka mtaalamu wa programu wa Korea Kaskazini mwaka 2018. Bangladesh yenyewe ilifanya nini? Januari 2019 ilikwenda mahakamani New York kuishtaki benki ya Ufilipino iliyopokea fedha. Haikuvunja uhusiano na dola yoyote.

#6 Mwalimu Mstaafu

Marahaba, mwanangu Mlinzi. Lakini umenisaidia bila kukusudia. Huo ushahidi wa Albania nani aliuleta? Mwenye ukoo.

#7 Binti Matrah

Assalaam alaykum kutoka Muscat. Mleta mada anasema Albania ni ya kwanza. Sisi huku Ghuba tulishuhudia uhusiano ukivunjwa baada ya udukuzi miaka mitano kabla ya hapo, isipokuwa mambo yalikwenda kinyume: aliyedukuliwa ndiye aliyefukuzwa.

Usiku wa kuamkia tarehe 24 Mei 2017 tovuti ya Shirika la Habari la Qatar ilichapisha maneno yaliyodaiwa kusemwa na Amiri wa nchi hiyo, Sheikh Tamim, katika sherehe ya wahitimu wa jeshi, maneno ya kuisifu Iran na kuwaudhi majirani. Serikali ya Qatar ikasema upesi kwamba tovuti imeingiliwa na maneno ni ya kubuni. Haikusaidia. Vituo vya televisheni vya Saudi Arabia na Falme za Kiarabu viliyarudia maneno hayo kana kwamba hakuna aliyekanusha, na tarehe 5 Juni Saudi Arabia, Falme za Kiarabu, Bahrain na Misri zikavunja uhusiano, zikafunga mpaka wa nchi kavu, bahari na anga. Baadaye gazeti la Washington Post liliwanukuu maafisa wa ujasusi wa Marekani wakiihusisha serikali ya Falme za Kiarabu na udukuzi huo, nayo ikakana.

Oman haikujiunga na mzingiro. Mizigo iliyokuwa ikipitia Jebel Ali, bandari ya Dubai, kwenda Doha ikaanza kupitia bandari yetu ya Sohar, na watu wa usafirishaji hapa hawakulalamika hata kidogo. Mambo yalitengenezwa Januari 2021, katika mkutano wa Al-Ula, Saudi Arabia.

Kwa hiyo nadhani mnajadili nusu ya jambo. Mnauliza nani atathubutu kumtaja mdukuzi. Sisi tulijifunza kwamba wakati mwingine mdukuzi hahitaji kutajwa, kwa sababu kazi yake ni kumpa mtu mwingine kisingizio alichokuwa akikitafuta. Mabalozi walikuwa wamekwisha kuondolewa Doha mara moja kabla ya hapo, mwaka 2014, na wakati huo hapakuwa na udukuzi wowote. Ningependa kujua kama na Albania nayo haikuwa na deni la zamani na Iran.

#8 Ngalawa Mbovu

Dada Binti Matrah, hiyo ya Sohar imenifurahisha. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Mwalimu, nakubali kosa langu la Estonia, nilisoma haraka.

#9 Jirani wa Mto Athi

Habari zenu. Nashangaa uzi umefika hapa bila Kenya kutajwa.

Julai 2023 jukwaa la eCitizen lilishambuliwa. Hapo ndipo tunapoombea pasipoti, leseni na maelfu ya huduma nyingine, na wakati huo viza pia. Waliojitangaza ni kundi lililojiita Anonymous Sudan, na sababu waliyoitoa ilikuwa ya kidiplomasia kabisa: kwamba Kenya inaingilia mambo ya Sudan. Kumbukeni wakati huo vita vya Khartoum vilikuwa na miezi mitatu, na Rais Ruto alikuwa amepewa na IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake, uenyekiti wa kundi la nchi nne za usuluhishi, uenyekiti ambao jeshi la Sudan liliukataa likidai anaupendelea upande wa pili. Waziri wa habari wetu alithibitisha kwamba kuna shambulio, akasema hakuna data iliyopotea. Wiki hiyo nilikuwa nawapokea wageni wawili kutoka Ulaya, na kwa kuwa mfumo wa viza haukuwa unapatikana, walipewa viza uwanjani walipotua. Wao waliona ni ukarimu wa Kiafrika, mimi nilinyamaza.

Sasa jiulizeni Kenya ingefanya nini. Kwanza, wengi walisema kundi lile ni la Warusi waliovaa kanzu ya Sudan, kwa kuwa liliandika pia kwa Kirusi na kushirikiana na makundi yanayoitetea Urusi. Halafu Oktoba 2024 waendesha mashtaka wa Marekani, huko California, wakawafungulia mashtaka ndugu wawili raia wa Sudan. Kama tungemfukuza balozi wa Urusi Julai 2023 kwa sababu ya maneno ya wataalamu wa mitandaoni, tungeonekana vipi? Na tukimfukuza wa Sudan, tutasuluhisha vita gani? Kwangu hilo ni jibu la mleta mada: nchi nyingi zinanyamaza kwa sababu uhusiano wenyewe una kazi kubwa zaidi kuliko tovuti.

#10 Mlinzi wa Zamu

Jirani, mfano mzuri sana, na naongeza jambo moja la ufundi. Shambulio la eCitizen lilikuwa la kufurikisha seva, si la kuingia ndani. Ni sawa na watu elfu kumi kuziba mlango wa ofisi. Anayetaka huduma hapiti, lakini kabati la mafaili halijaguswa. Shambulio la Albania lilikuwa la kuingia, kuiba na kufuta. Uzito wake kisheria na kisiasa haulingani, kwa hiyo si haki kuuliza kwa nini Kenya haikufanya kama Albania.

#11 Wakili wa Mtaa

Salaam. Kwa kuwa neno sheria limeguswa, nichangie kidogo.

Mwaka 2015 kundi la wataalamu wa serikali 20 lililoundwa na Umoja wa Mataifa, Kenya ikiwamo pamoja na Misri na Ghana, lilikubaliana juu ya kanuni 11 za mwenendo wa mataifa katika mtandao. Miongoni mwake ni kwamba dola isiharibu miundombinu muhimu ya mwenzake, na ripoti yao iliongeza kwamba madai ya kuihusisha dola na shambulio yawe na msingi. Kanuni hizi si mkataba. Ni za hiari. Msitafute mahali pa kushtaki.

Jambo ambalo watu hawalifahamu ni kwamba nchi hazijakubaliana hata juu ya swali la awali kabisa: je, kuingia katika seva ya nchi nyingine bila ruhusa, pasipo kuharibu kitu, ni kuvunja mamlaka ya nchi hiyo? Uingereza ilisema mwaka 2018, kupitia Mwanasheria Mkuu wake, kwamba haioni katika sheria ya sasa kanuni mahususi ya mamlaka ya dola inayokataza tendo hilo peke yake. Afrika ikasema kinyume. Januari 2024 Baraza la Amani na Usalama la Umoja wa Afrika lilipitisha msimamo wa pamoja unaosema kwamba mamlaka ya dola yanalindwa na sheria ndani ya mtandao kama yanavyolindwa ardhini, na kwamba kuingia bila ruhusa ni kosa hata kama hakuna kilichovunjika. Ukiutazama kwa makini, msimamo huo unafanana na mtu anayeweka bango la "usipite hapa" kwenye shamba lisilo na uzio. Sisemi ni kazi bure. Bila bango huwezi hata kulalamika.

Pia kuna Mkataba wa Malabo, uliopitishwa na Umoja wa Afrika Juni 2014 na kuanza kutumika Juni 2023, maana ilichukua miaka tisa kupata nchi 15 za kuuridhia. Na tarehe 24 Desemba 2024 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha mkataba dhidi ya uhalifu wa mtandaoni, ambao safari yake ilianzishwa na pendekezo la Urusi. Nchi za Magharibi, zilizokuwa na mkataba wao wa Budapest wa 2001, ziliupinga kwanza kisha zikakaa mezani. Hapo utaona siasa zenyewe: mvutano ulikuwa juu ya meza ya nani itumike kuandikia sheria.

#12 Ngalawa Mbovu

Wakili umetaja Umoja wa Afrika, nami nikakumbuka jengo lake la Addis Ababa. Lilijengwa kwa msaada wa China kwa dola milioni 200 na kufunguliwa Januari 2012. Miaka sita baadaye gazeti la Le Monde likaandika kwamba kila usiku data za jengo hilo zilikuwa zikisafiri kwenda Shanghai. China ilikanusha, na Mwenyekiti wa Kamisheni, Moussa Faki, naye akasema hajaona ushahidi. Bango la shamba la Wakili halikuwekwa wakati huo.

Kabla hamjanivamia: upande wa pili hauna usafi pia. Ufichuzi wa 2013 wa Edward Snowden, aliyekuwa mfanyakazi katika ujasusi wa Marekani, ulionyesha Marekani ikisikiliza mawasiliano ya Rais Dilma Rousseff wa Brazil na simu ya Angela Merkel, Kansela wa Ujerumani wakati huo. Rousseff aliahirisha ziara yake rasmi ya Washington, lakini ubalozi haukufungwa. Merkel alilalamika kwamba marafiki hawapelelezani, na Ujerumani ikaendelea kuwa mshirika. Ndiyo sababu nasema wakubwa hawavunji uhusiano kwa udukuzi, kwa kuwa kila mmoja anajua kesho atakamatwa yeye. Albania haina cha kukamatwa nacho.

#13 Kasuku wa Pwani

Ngalawa, tangu ukosolewe umekuwa msomi. Endelea hivyohivyo.

#14 Mfunga Mzigo

Naomba kuuliza jambo lililo karibu na hili. Mimi ni wakala wa kutoa mizigo bandarini Dar es Salaam. Mei 2024 intaneti ilipopotea, siku mbili nzima nilikuwa napeleka nyaraka kwa mkono kama ilivyokuwa miaka ya tisini, na mteja mmoja wa Lubumbashi akaamini nimekimbia na fedha zake. Watu walisema mkongo wa baharini umekatwa na maadui. Je, hilo nalo ni shambulio? Na kama ni shambulio, Tanzania ingemtaja nani?

#15 Fundi Nyaya

Pole, Mfunga Mzigo. Swali lako linanihusu, nimefanya kazi za mkongo miaka mingi.

Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili, EASSy na Seacom, ilipata hitilafu katika eneo moja, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Hakuna ushahidi wa adui. Nchi za mwambao wetu na majirani wa bara ziliyumba, Tanzania ikiwa miongoni mwa zilizoumia zaidi. Kilichofanya maumivu yazidi ni kwamba upande wa kaskazini nao ulikuwa umeumia tayari. Februari mwaka huo meli ya mizigo Rubymar ilipigwa na kombora la Wahouthi, waasi wa Yemen, katika njia ya kuingilia Bahari ya Shamu, mabaharia wakaiacha, ikaelea siku kadhaa huku nanga yake ikikokota chini, na mikongo mitatu ikakatika: Seacom, EIG na AAE-1. Meli yenyewe ilizama mapema Machi. Kutengeneza kulichelewa, maana eneo ni la vita na Yemen ina mamlaka mbili zinazodai kila moja ndiyo yenye haki ya kutoa kibali. Fundi yuko tayari, meli ipo, lakini saini unaiomba kwa nani?

Hapo ndipo ninapotofautiana na karibu kila aliyechangia. Mnazungumza juu ya wadukuzi kana kwamba mtandao uko hewani. Mtandao uko chini ya maji, katika waya wenye unene usiozidi wa mpira wa kumwagilia bustani, na jiografia yake ni ileile ya zamani: Bahari ya Shamu, Suez, Mombasa, Dar es Salaam. Mkongo wa telegrafu kutoka Aden ulifika Unguja mwaka 1879, na ulikuwa wa Waingereza. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, tarehe 5 Agosti 1914, meli ya Uingereza iitwayo Alert iliikata mikongo ya Ujerumani katika mlango wa bahari ulio kati ya Uingereza na Ufaransa, kazi iliyofanyika kabla askari wengi hawajapanda treni. Siku tatu baadaye manowari Astraea iliishambulia Dar es Salaam, na shabaha ilikuwa kituo cha simu ya upepo. Tangu hapo Berlin ililazimika kutuma ujumbe kwa njia ambazo London ilikuwa ikizisikiliza, na telegramu ya 1917 ya Zimmermann, waziri wa mambo ya nje wa Ujerumani, iliyosaidia kuiingiza Marekani vitani, ilinaswa humo. Kwa hiyo, mleta mada, dola yenye nguvu katika mtandao ni ile inayojua waya unapita wapi na meli ya kuutengeneza ni ya nani. Mdukuzi ni abiria tu.

#16 Mwalimu Mstaafu

Fundi, nimefundisha historia miaka 31 na hiyo ya Astraea nilikuwa naisimulia kwa sababu nyingine kabisa. Asante. Ila uwe mwangalifu: Albania haikukatwa waya wowote, na Qatar ya Binti Matrah haikukatwa waya wowote. Waya unaeleza nani anaweza kusikiliza. Hauelezi nani anakasirika.

#17 Mlinzi wa Zamu

Naomba nitaje Estonia tena, kwa upande ambao haujaguswa. Baada ya 2007 haikumfukuza mtu, lakini mwaka 2017 ilitia saini makubaliano na Luxembourg ya kuweka huko nakala za kumbukumbu muhimu za serikali, ndani ya seva zenye kinga kama ya ubalozi, kiasi kwamba polisi wa Luxembourg hawawezi kuingia bila idhini. Wanauita ubalozi wa data. Nchi ikivamiwa na ardhi yote ikachukuliwa, daftari la ardhi na la raia litaendelea kuwapo. Mwanzoni mwa uzi tuliuliza kwa nini balozi alifukuzwa kwa sababu ya kompyuta. Huyu ameifanya kompyuta yenyewe kuwa balozi.

#18 Kasuku wa Pwani

Sasa hiyo ndiyo hoja. Nani atapikia wageni katika ubalozi huo siku ya sikukuu ya taifa?

#19 Jirani wa Mto Athi

Kasuku, nyamaza kidogo tujifunze. Mlinzi, lakini ubalozi wa data unamlinda anayeogopa kuvamiwa. Sisi wa Afrika Mashariki tuna tatizo jingine, la kampuni. Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi wa Uganda, Facebook iliondoa akaunti ilizosema zinahusiana na Wizara ya Habari ya nchi hiyo. Siku iliyofuata serikali ikaamuru mitandao ya kijamii ifungwe, Rais Museveni akailaumu kampuni hiyo kwa kiburi, na usiku wa kuamkia uchaguzi wa tarehe 14 intaneti yote ikazimwa kwa siku kadhaa. Facebook yenyewe iliendelea kufungwa kwa miaka. Huo ulikuwa ugomvi wa dola na nani? Balozi wa Facebook Kampala ni yupi wa kuitwa kujieleza? Denmark iliona hilo mapema, ikateua mwaka 2017 balozi wa kwenda kukaa karibu na makampuni ya teknolojia ya Silicon Valley, huko California.

#20 Wakili wa Mtaa

Kisheria, Jirani, kampuni si dola, na balozi wa Denmark huko hana hati ya utambulisho ya kumkabidhi mkuu wa kampuni. Ila nakubali kwamba maneno "mahusiano ya kimataifa" yanaanza kubana kama shati la shule.

#21 Kitabu Wazi

Wakuu, nimesoma yote mara mbili. Nashukuru.

Kwanza nimjibu dada Binti Matrah, maana swali lake lilikuwa zuri kuliko langu. Ndiyo, deni la zamani lilikuwapo. Albania ilikubali kupokea kutoka Iraq wafuasi wapatao 3,000 wa Mujahidina wa Khalq, kundi la upinzani ambalo Iran inaliita la kigaidi, nao wanaishi katika kambi huko Manëz, karibu na bandari ya Durrës. Desemba 2018 Albania ilikuwa imemfukuza balozi wa Iran pamoja na mwanadiplomasia mwingine, na Januari 2020 ikawafukuza wengine wawili. Shambulio la Julai 2022 lilitokea siku chache kabla ya mkutano mkubwa uliopangwa kufanyika kambini hapo, mkutano ambao uliahirishwa. Waliojitangaza kuhusika waliitoa hasira yao waziwazi juu ya kundi hilo.

Hapo naona nilikuwa nimeuweka mkokoteni mbele ya ng'ombe. Nilidhani udukuzi ulivunja uhusiano, kumbe uhusiano ulikuwa umekwisha kupasuka na udukuzi ukaingia katika ufa. Lakini bado sijaridhika na maelezo ya Ngalawa, kwa sababu nchi zenye nyufa ni nyingi na zenye kaka mkubwa ni nyingi, na hazikufanya hivyo. Wala ya Mlinzi hayanitoshi, kwa sababu Marekani yenyewe, yenye ushahidi kuliko wote, ilipoishutumu Urusi kwa kuuingilia uchaguzi wa 2016 iliwafukuza maafisa 35 na kuacha ubalozi wazi.

Nimemwomba msimamizi aondoe maneno "ya kwanza" katika kichwa cha uzi, kwa ajili ya Qatar.

#22 Wakili wa Mtaa

Usiyaondoe. Nchi nne zilizovunja uhusiano na Qatar zilitaja ugaidi na kuingilia mambo yao ya ndani. Hakuna hata moja iliyosema imevunja kwa sababu ya udukuzi. Albania ilisema.

#23 Binti Matrah

Hakuna iliyosema, kweli. Lakini kaka Wakili, tuliokuwa huku usiku ule tulikuwa tunatazama televisheni, na kilichokuwa kikisomwa kwa masaa ni maneno ya kwenye ile tovuti.

#24 Mfunga Mzigo

Na mimi nimempelekea mteja wangu wa Lubumbashi maelezo ya Fundi kuhusu mkongo. Anasema ataamini akiiona hiyo meli.